Jua la Malindi linaishia pima ngapi?

SWALI: Asalaam aleikum mtaalamu. Mimi ni kijana wa Malindi, nafanya kazi kwenye boti ya kioo, tunapeleka wageni kuangalia samaki ndani ya hifadhi ya bahari. Mgeni mmoja aliniuliza mwanga wa jua unafika kina gani, nikamwambia mita 200, maana ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Kesho yake tukatoka naye tena, maji yamechafuka kwa tope la mto Sabaki, hatuoni hata mita mbili. Akanicheka: "Ziko wapi zile mita 200?" Nikakosa la kusema. La pili: kuna viti vya pweza (wale samaki-nyota) vyenye nundu nyekundu, maji yakipwa nundu zinawaka kama makaa, yakijaa zinakuwa nyeusi, na ni vile vile mahali pale pale. Kwa nini? Na je, ni kweli samaki wa kilindini hawana macho?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mgeni wako amekuonea. Mita 200 si uongo, ila ni namba ya bahari kuu, kwenye maji maangavu yasiyojua mto wala tope, jua likiwa utosini. Na hata huko, ukifika mita 200 hukuti mpaka ambao huku ni mchana na kule ni usiku. Namba kama hizi zina ubaya mmoja: zinamfanya mtu adhani mwanga una mwisho, kama kamba ya nanga ilivyo na mwisho. Mwanga unapungua tu, na ukishaijua hesabu ya kupungua kwake, mita 200 za kitabuni na mita mbili za Sabaki utaziona ni hesabu moja.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua lori la maembe linalotoka Malindi kwenda Mombasa, na njiani kuna vizuizi, kila kizuizi kinachukua sehemu moja ya kumi ya maembe kinayoyakuta. (Nimesema tuchukulie tu, sijamtaja mtu.) Cha kwanza kinakuta 100, kinachukua 10. Cha pili kinakuta 90, kinachukua 9. Cha tatu kinakuta 81, kinachukua 8 na kipande. Kila kizuizi kinachukua kulingana na kinachokikuta, hakijali lori lilitoka na mangapi. Kila mita ya maji ni kizuizi. Maji yanayochukua sehemu moja ya kumi kwa mita, baada ya mita 10 yamekuachia 35 katika 100. Baada ya mita 22, kama 10. Baada ya mita 44, moja. Endelea kushuka, utapata nusu ya moja, robo ya moja, na kuendelea, wala hufiki kwenye sifuri. Mfaransa Pierre Bouguer aliieleza kanuni hii mwaka 1729, zama ambazo kipimo cha mwanga kilikuwa jicho la mtu na mshumaa.

Basi, kwa kuwa mwisho haupo, wataalamu walikubaliana wapige mstari mahali fulani. Mstari unaotumika sana ni pale iliposalia sehemu moja katika mia ya mwanga ulioingia juu, kwa sababu karibu na hapo vijimea vingi vinavyoelea baharini huanza kushindwa kujilisha: wanachotengeneza mchana hakizidi wanachokitumia. Maji yanayomeza asilimia 2 na kidogo kwa kila mita, mstari huo unaangukia kwenye mita 200. Hizo ndizo za mwalimu wako. Maji yanayomeza asilimia 10, mita 44. Maji yanayomeza asilimia 80, mstari hauvuki mita tatu, na maji ya namna hiyo unayo hapo Malindi, huhitaji kusafiri kuyatafuta. Na wala mstari wenyewe si amri. Mwaka 1984 watafiti waliokuwa kwenye chombo cha kuzamia karibu na visiwa vya Bahamas walikuta mwani mwekundu umenata juu ya mwamba kwenye mita 268, ukiishi kwa mwanga ambao mimi na wewe tungeuita giza.

Hapo juu nimehesabu kana kwamba mwanga ni kitu kimoja. Sasa tuutenganishe, kwa sababu nundu za viti vyako vya pweza ziko hapa.

Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi, na maji yana upendeleo hata yakiwa safi kabisa. Nyekundu huimeza karibu asilimia 30 kwa kila mita. Rangi ya machungwa, kama asilimia 20. Manjano, 8 au 9. Kijani, 4 hivi. Buluu haifiki hata moja. Chanzo ni molekuli ya maji yenyewe: haidrojeni na oksijeni zilizoshikana humo hutikisika, na mitikisiko hiyo hunyonya mwanga wa upande wa nyekundu, na zaidi sana ule tusiouona ulio nje ya nyekundu, ambao ngozi inaujua kama joto. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya nishati yote ya jua inaishia katika mita ya kwanza. Bahari kuu nayo ni buluu kwa sababu hiyo hiyo, kwani buluu ndiyo iliyosalia ya kurudishwa juu kwenye macho yetu. Anayekwambia ile ni sura ya mbingu tu, mwambie azame na miwani pima tano (kama mita tisa) aangalie pembeni. Mbingu haipo huko, na buluu ipo.

Hili unaweza kuliona bila kulowa. Siku ya maji safi, shusha nanga kwa kamba nyekundu, uegemee ubavu wa boti uifuate kwa macho. Pale mkononi mwako ni nyekundu ya dukani. Pima moja chini imeshaanza kuwa kama tofali. Pima mbili, kahawia. Pima nne au tano, ni kamba nyeusi. Hakuna nyuzi utakayoishika useme nyekundu imeishia hapa. Wazamiaji wa pweza waliowahi kujikata na mwamba kwenye kina wanajua kwamba damu huonekana nyeusi au ina ukijani. Wakiwasha tochi, inarudi kuwa damu. Mwanga wa tochi umetoka urefu wa mkono tu, haujapata muda wa kuibiwa.

Sasa nundu. Wewe ulikuwa unafikiria kina, ukasahau kwamba mwanga una safari mbili: unashuka kutoka juu hadi kwenye kiti cha pweza, halafu unapanda kutoka kwenye kiti cha pweza hadi kwenye kioo chako. Tuseme maji yakipwa viko mita 3 chini yenu. Mwanga mwekundu umetembea mita 6, na kwa maji safi zimebaki kama sehemu 13 katika 100. Inatosha, jicho linaona nyekundu. Bamvua (yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) likijaa, kwetu hupandisha maji mita 3 na zaidi. Viti viko mita 6, safari imekuwa mita 12, na nyekundu iliyobaki haifiki sehemu 2 katika 100, hali kijani na buluu bado zimejaa tele. Nundu haina kijani wala buluu ya kurudisha. Kazi yake ni kurudisha nyekundu, na nyekundu haikufika. Inabaki nyeusi. Hali ya simu za wageni ni hiyo hiyo, ndiyo maana picha zao zote zinatoka rangi ya buluu wakazilaumu simu.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ndiye nahodha wenu, ningependa bamvua, kwa sababu kwetu hupwa saa nne au saa tano asubuhi, jua limeshapanda na maji ni mafupi. Mapema mno si vizuri: jua likiwa chini karibu na upeo, theluthi ya mwanga au zaidi huteleza juu ya maji isiingie, na likiwa utosini hupotea kama sehemu mbili tu katika mia. Lakini kuna mtego, na nadhani unaujua kwa macho hata kama hujawahi kuuwekea maneno. Maji yanayotoka na kupwa yametoka ufuoni, kwenye nyasi za bahari, kwenye hori na mikoko, yamebeba kila kitu. Maji yanayoingia na kujaa yametoka bahari kuu, ni masafi. Ukitaka rangi, maji mafupi. Ukitaka uangavu, maji yajao. Huwezi kupata vyote siku zote. Mimi huchagua nusu ya kwanza ya kujaa, ila hapo ni ladha yangu.

Tuje kwenye Sabaki.

Mto huu unaanzia bara ukiitwa Athi, ukipita Tsavo unaitwa Galana, ukifika kwetu ni Sabaki, na njia nzima unakwangua udongo mwekundu. Unamwaga kaskazini ya mji wa Malindi, upande wa Mambrui. Msimu wa kusi, upepo na mkondo vyote vinaelekea kaskazini, tope linasukumwa kwenda upande wa Ngomeni na Ghuba ya Ungwana, na hifadhi yenu inapumua. Masika inaweza kuujaza mto hadi ukang'oa miti, na bado tope lake kubwa likaenda huko. Kaskazi inapoingia mambo hugeuka: mkondo wa kutoka Usomali hushuka kusini na kulileta tope kwenye ghuba ya Malindi, hadi kwenye matumbawe. Na bahati mbaya yetu ni kwamba mvua za vuli huujaza mto kuanzia Oktoba na Novemba, ndipo kaskazi nayo inapoanza kushika. Mzigo unafika mdomoni mwa mto wakati ule ule mchukuzi anapobadili njia. Wageni nao huja Desemba. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza za bahari barani Afrika, lakini hakuna mpaka wa hifadhi unaozuia tope.

Ndani ya maji hayo mambo mawili yanatokea kwa pamoja, na mgeni wako aliyachanganya. Chembe za udongo humeza mwanga, hilo liko wazi. Lakini pia huutawanya, huurusha huku na kule, na mwanga uliotawanywa bado upo. Uliopotea ni mpangilio wake. Ndiyo maana ukiinamisha kichwa ndani ya maji ya Sabaki, kwenye mita moja hukuti giza, unakuta weupe mwekundu uliojaa kila upande, na mkono wako mwenyewe huuoni. Kuona na kuangaziwa ni vitu viwili. Mgeni alipima kuona, wewe ulimtajia kuangaziwa. Kwa kipimo nitakachokuonyesha hivi punde, mahali ambapo jicho linashindwa kwenye mita 2, ile sehemu moja katika mia ya mwanga bado inafika mita 5 hivi. Ungemjibu hivyo angenyamaza, ingawa ni kweli kwamba mita 5 na mita 200 hazikai meza moja.

Jambo linalonivutia mimi katika maji hayo ni rangi. Mto hauleti udongo tu. Unaleta maji yaliyolowekwa majani na mizizi iliyooza, na rangi hiyo ya chai, hata ukiichuja usibakishe chembe, humeza buluu kwa pupa. Basi ule mpangilio wa bahari kuu unapinduka. Kule nje nyekundu hufa kwanza, buluu ikashuka mbali kuliko zote. Kwenye maji ya Sabaki buluu hufa kwanza, na zinazosalia ni kijani chafu, manjano na kahawia. Funga kamba mbili pamoja, nyekundu na buluu, uzishushe siku mbili tofauti. Nje ya mwamba siku ya maji safi, nyekundu itaiacha rangi yake ingali kamba ya buluu iko vile vile. Siku ya tope, ya buluu itageuka kuwa nyeusi kabla hujashusha pima moja, na nyekundu itabaki na wekundu wake hadi ipotelee kwenye ukungu. Ukiona hivyo, umejua maji yaliyo chini ya boti yametoka wapi bila kumuuliza mtu. Ndani ya hori ya Mida, kule Watamu, mikoko nayo hutoa chai ya namna hiyo, ingawa hakuna mto mkubwa.

Matumbawe hayana pa kukimbilia. Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya nyama yake kuna mwani mdogo sana unaomlisha kwa mwanga, na mwani huo hutegemea buluu kwa sehemu kubwa. Tope linapokaa wiki mbili, tatu juu ya mwamba, tumbawe la kwenye mita 8 linakuwa kama limehamishiwa kilindini bila kusogezwa, tena linatumia nguvu kujipangusa udongo. Baadhi ya aina huvumilia, nyingine hufa. Hilo lina habari yake ndefu, niliache.

Kipimo nilichokuahidi ni rahisi hadi watu hukidharau. Mwaka 1865 padri mmoja mwanafalaki, Angelo Secchi, alipanda meli ya Papa, akawa anashusha sahani nyeupe baharini na kuandika kina ambacho inapotea machoni. (Mwitaliano, wageni wako wa Malindi watafurahi kusikia.) Hadi leo vyombo vya utafiti bado vinaibeba sahani hiyo. Yako itengeneze hivi: mfuniko wa sufuria au kipande cha bati cha mviringo chenye upana wa sentimita 30, kipake rangi nyeupe isiyong'aa, kitoboe katikati, kipitishe kamba isiyovutika, chini funga chubwi ili kishuke wima kisipeperushwe na mkondo. Piga fundo kila nusu mita. Shusha upande wa boti wenye kivuli, kwa sababu mng'ao wa jua juu ya maji utakudanganya, na uvue miwani ya jua. Andika kina inapopotea, ishushe kidogo zaidi, kisha uipandishe polepole uandike inapotokeza tena. Kati ya namba hizo mbili ndiyo jibu. Mwenzako akisimama akapima pia, bora zaidi, macho hayalingani.

Namba uliyopata izidishe kwa 2.7. Hicho, kwa kukadiria, ndicho kina ambacho imebaki sehemu moja katika mia ya mwanga. Sahani ikipotea mita 1, ni chini ya mita 3. Ikipotea mita 10, ni mita 27. Kanuni hii inatokana na vipimo vya Poole na Atkins kwenye bahari ya Uingereza, walivyovichapisha mwaka 1929, na kwenye maji yenye tope zito haishiki sawasawa, kwa sababu ya ule mtawanyiko niliouelezea. Ichukue kama makadirio ya baharia, si ya maabara. Kila mara andika pia saa, hali ya maji kama yanajaa au yanapwa, bamvua au maji mafu, na upepo. Namba bila hivyo haina kazi.

Kuhusu macho ya samaki: walio wengi wa kilindini wanayo, na ya baadhi yao ni makubwa kupita kiasi. Mwaka 2001 meli ya kukokota nyavu ilimnasa silakanti mbele ya Malindi yetu hii, samaki wa ukoo ambao wataalamu walidhani umetoweka tangu enzi za dinosaria, hadi alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Visiwani Komoro, ambako amechunguzwa sana, mchana hujificha mapangoni kwenye kina cha mita 150, 200 na zaidi. Jicho lake limejaa chembe za kuonea gizani, na limeelekezwa kwenye buluu, ile rangi pekee inayofika kwake. Chini zaidi, mwaka 1934, William Beebe na Otis Barton walijifungia ndani ya tufe la chuma karibu na Bermuda wakashushwa hadi mita 923. Beebe alikuwa akieleza kwa simu jinsi buluu inavyofifia, na walipopita mita 600 hivi jicho lake halikuona jua tena. Samaki wanaona zaidi yetu, wengine karibu hadi mita 1,000. Kuanzia hapo jua halina habari, na macho yaliyoko huko ni ya kuona mwanga unaotengenezwa na viumbe wenyewe, mwingi wake ukiwa wa buluu. Wako wachache wanaokwenda kinyume: samaki mmoja mweusi wa kilindini, Malacosteus, ana taa nyekundu chini ya jicho. Jirani zake hawaoni nyekundu kabisa, yeye anaiona, hivyo anammulika windo karibu na mdomo na windo halina habari.

Sahani ukishaipaka rangi, pima kila mnapotoka tangu kaskazi ianze hadi Machi, kisha niandikie namba zako pamoja na saa na hali ya maji. Nitakuchorea mchoro wa msimu mzima muubandike ndani ya boti, mgeni ajisomee mwenyewe.